Kikombe cha Maji Kabla ya Mashine

Nimestaafu. Ushirika wa wenye boti hapa Rumonge umenipa zawadi ya saa ya ukutani, ili mtu asiye na pa kuwahi ajue kwa dakika kwamba hachelewi. Betri hawakuweka. Mke wangu ameitundika juu ya mlango, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu ni saa nne kasorobo.

Wadogo zangu wa karakana, mliniomba niwaandikie niliyojifunza katika kazi ya kupoza mashine za boti. Dezire, ambaye sasa ndiye mkuu wenu, alitaka kitu kifupi cha kubandika ukutani karibu na orodha ya zamu. Kifupi hakitakuwa, na mkishakisoma sidhani kama mtakibandika. Kuna neno mnalitumia kila siku pale bandarini, nami nataka kulizika. Mtu akikaza bolti vibaya mnamwambia amekaza kiramazani. Mwenye jina hilo yuko hai, anakaa nyuma ya msikiti, na masikio yake ni mazima kuliko yenu. Katika maisha yake hakukaza bolti vibaya. Aliyeharibu mashine ya Mama Esperansi ni mtu mwingine, na tabia zake ninazijua zote, hasa ile ya kunyamaza. Tutamfikia.

Nilikuja Rumonge kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, pamoja na wazazi wangu, masanduku mawili, na Kiswahili ambacho watu wa hapa walikiita cha redio. Niliamini najua mashine kwa sababu niliwahi kusimamia kinu cha kusaga mahindi. Mzee Ramazani ndiye aliyekuwa fundi mkuu ufukweni, mjukuu wa watu waliovuka ziwa kutoka Kongo zamani za wakoloni. Alinitazama mikono kabla ya uso.

"Weye iko fundi?"

"Ndiyo, mzee. Nina uzoefu wa injini za dizeli."

"Uzoefu. Aya. Njo hapa unuse."

Aliniwekea makopo matatu na kuniambia nifumbe macho. La kwanza lilikuwa na mafuta ya mashine yaliyokwisha kutumika, la pili dizeli, la tatu maji yaliyotolewa ndani ya mashine iliyochemka. Nilikosa mawili. Mzee akayafunika makopo yake taratibu.

"Uzoefu yako iko na mafua," akasema.

Wiki mbili sikushika spana. Nilinusa. Nilinusa vifuniko, mipira, vijiti vya kupimia mafuta, mpaka mama yangu akaniuliza kwa nini nanusa chakula kabla ya kusali. Mzee alikuwa na msemo wake, kwamba jicho linadanganywa na rangi, sikio linadanganywa na kelele, lakini pua haina rafiki. Nilimwona ni mtu wa kale. Nilikuwa na umri ule ambao kila aliyekutangulia ni wa kale.

Baadaye alinifundisha kukaza kichwa cha mashine, kile ambacho hapa tunakiita kilasi. Alianza na bolti za katikati, akaenda nje, mzunguko wa kwanza mwepesi, wa pili mzito, wa tatu wa mwisho. Kila bolti ilipata bismillahi yake. Kisha mashine iwashwe, ipate moto, na arudie mzunguko wa nne, maana chuma kikishapata joto hukaa vingine. Mzunguko huo wa nne ndio mafundi wengi huuruka, kwa sababu wakati huo mwenye boti ameshaanza kupakia. Mzee hakuuruka hata siku moja, na wenye boti walimtukana kwa lugha tatu.

Siku hizo mashine zetu zote zilikunywa ziwa moja kwa moja. Pampu huvuta maji, yanazunguka ndani ya mashine, yanatoka nje. Ulipomwambia mwenye boti kwamba maji hayo yanaua mashine, alikucheka. Chumvi iko baharini, alisema, ziwa letu ni tamu, tunalinywa tangu tuzaliwe. Mkewe wakati huohuo alikuwa nyuma ya nyumba anakwangua ukoko mweupe kwenye sufuria ya kuchemshia maji. Ukoko huohuo ulikuwa unajijenga ndani ya mashine ya mumewe. Lakini sufuria ni mambo ya wanawake, na mashine ni mambo ya wanaume, kwa hiyo hawakuwahi kulizungumza.

Nakumbuka mashine moja ya Magara, ya boti iliyokuwa inakusanya samaki wa alfajiri. Ilikuwa inachemka kabla ya kufika Rumonge, na mwenyewe alishaipeleka kuombewa mara mbili. Tulipofungua, njia za maji zilikuwa zimeziba hata kidole cha mtoto kisingepita. Mzee alinipa spoku ya baiskeli aliyoinoa ncha, nikachokonoa siku nne nikiwa nimepiga magoti. Spoku hiyo ninayo mpaka leo. Mwenye boti aliangalia lile rundo la ukoko na kusema kwamba huo ni uchawi wa jirani yake.

Miaka ikaenda. Ushirika ukanipeleka Bujumbura kwenye semina ya mfumo wa kupoza uliofungwa. Ilikuwa ya siku tatu: ya kwanza ya kufungua kwa hotuba, ya tatu ya kufunga kwa hotuba, na ile ya katikati tulifundishwa. Nikarudi na cheti chenye muhuri wa bluu. Niseme ukweli, tulichofundishwa kilikuwa kizuri. Maji ya ndani yanazunguka peke yake, kutoka kwenye mashine kwenda kwenye bomba nene la shaba, na kurudi. Ndani ya bomba hilo mna vibomba vyembamba vingi, na humo ndimo hupita maji ya ziwa. Maji hayo mawili yanapeana ubaridi na joto bila kugusana, kama wachumba wa zamani waliokaa sebule moja na shangazi katikati. Mashine haikutani na ziwa tena, na ukoko haupati pa kujijenga.

Aliyekubali kwanza alikuwa Mama Esperansi. Boti yake iliitwa Amahoro, ilipeleka mawese na sabuni mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, na kurudi na watu na unga. Alikuwa mama mnene, wa kanisani, asiyependa kurudia jambo.

"Hiyo kitu itafanya mashine yangu isichemke?"

"Haitachemka, mama."

"Ninyi mafundi muko wengi wa kuahidi. Ramazani, weye unasema aje?"

Mzee alikuwa amelizungusha lile bomba la shaba mikononi muda mrefu. "Iko akili ndani," akasema. "Tufunge."

Tuligawana kazi. Yeye alichukua kilasi, maana tulikuwa tumeifungua kuondoa ukoko wa zamani. Mimi, mwenye cheti, nilichukua maji. Na hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe.

Kabla ya kufunga mfumo mpya kwenye mashine ya zamani, lazima uisukutue. Toa themostati. Jaza maji ya moto yenye magadi, washa, acha izunguke mpaka bomba zote ziwe na moto, kisha mwaga yangali moto, kwa sababu uchafu ukiachiwa upoe unarudi ukutani. Rudia. Halafu tia maji ya ndimu kwa ule ukoko uliobaki; tulitumia magunia mawili ya ndimu za Kigwena, na karakana ikanukia kama mtu anapika samaki. Mwaga, tia magadi tena kuua ukali wa ndimu, suuza mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Mwisho rudisha themostati, jaza maji ya mvua nusu kwa nusu na dawa ya rejeta, na utoe hewa: kifuniko kikiwa wazi, mashine ikinguruma, unakamua mipira kama unakamua ng'ombe, mpaka mapovu yaishe. Maji ya mvua, si ya ziwa. Ukijaza mfumo uliofungwa kwa maji ya ziwa, umemfungia mwizi ndani ya nyumba.

Yote hayo niliyafanya, na niliyafanya vizuri. Maji ya mvua nilikuwa nimeyakinga mwenyewe kwenye bati langu, mvua za mwisho, nikayaweka kwenye pipa. Siku ya kujaza nikayapeleka ufukweni kwa mabido, yaani madumu, mawili ya manjano. Moja lilikuwa langu. La pili niliazima kwa mama mkwe, anayekamua mawese Kigwena. Nililigeuza juu chini, halikutoa hata tone. Nikaridhika. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, na ninyi wa Rumonge mnajua mawese yanavyokuwa asubuhi za kiangazi: yanashika kitako cha bido, yameganda, hayasemi kitu. Nikayajaza maji juu yake, nikaliweka bido mchangani kwenye jua mpaka adhuhuri, kisha nikatia dawa ya rejeta, ambayo ilikuwa nyekundu, nikatikisa, nikamimina. Niliona wekundu nikasema moyoni, dawa imechanganyika vizuri.

Safari mbili za kwanza Amahoro ilikwenda bila tatizo. Ya tatu ilichemka katikati ya ziwa, imejaa watu, na Mama Esperansi mwenyewe yumo. Geji ilipanda, mvuke ukatoka, nahodha akazima. Walielea tangu asubuhi hadi karibu saa tisa, upepo ukiwasogeza kusini, wanawake wakiimba nyimbo za kanisa kwa Kirundi na wanaume wakichota maji kwa makopo, maana boti isiyokwenda huanza kuvuja. Wavuvi wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ndio waliowavuta mpaka Rumonge. Hakufa mtu. Nawaambia hivyo kwa wepesi, lakini miaka yote hii nimekuwa nikiamka na nyimbo zile masikioni, na mimi sikuwemo hata ndani ya boti.

Ufukwe mzima ulikuwa unangoja. Nilipanda, nikafungua kifuniko cha tangi la maji ya kupoza. Juu ya maji kulikuwa na povu la kahawia, zito, lenye mafuta. Kitabu cha semina nilikijua kwa moyo: mafuta kwenye maji, tazama gasketi ya kilasi, ile inayotenga mafuta na maji. Nikainua kichwa nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mizani ya samaki:

"Kilasi haikukazwa sawasawa."

Watu wote wakamgeukia Mzee Ramazani. Yeye alikuwa amesimama kwenye maji, suruali imekunjwa magotini.

"Umenusa?" akaniuliza.

"Mzee, siku hizi hatunusi. Tunasoma."

Watu walicheka. Niliwapa kitu cha kuchekea baada ya siku ya hofu, na nilijiona mtu mkubwa.

"Aniseti, mutoto wangu. Unuse kwanza."

"Mikono inachoka, mzee. Si aibu."

Mzee alipanda botini, akaiweka spana yake juu ya mashine, akajifuta vidole kimoja kimoja kwa tambara, akashuka akaenda nyumbani. Mama Esperansi alimwita mara mbili. Hakugeuka.

Nilifungua kilasi peke yangu. Bolti zilikuwa zimekazwa sawa zote, hata ikabidi niongeze bomba kwenye mpini wa spana ndipo zilegee. Gasketi ilikuwa nzima. Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu, nami nikautafutia maelezo: nikaona mkwaruzo mdogo hapa, nikaona kivuli pale. Mtu mwenye cheti hakosi cha kuona. Jioni nikamwaga maji ya tangi kwenye karai, nikaenda kulala.

Asubuhi, juu ya karai palikuwa na utando wa rangi ya chungwa, mgumu. Niliuchoma kwa spoku, spoku ikasimama. Mafuta ya mashine hayagandi hivyo hata uyaweke Kigwena msituni usiku kucha. Hapo ndipo nilipoinama na kunusa, kwa mara ya kwanza tangu boti ivutwe. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama mkwe.

Mawese yalikuwa yameingia na maji yangu, yakazunguka, yakafika kwenye vile vibomba vyenye ubaridi wa ziwa, yakajipaka juu yake tabaka kwa tabaka, mpaka joto halikuweza kupita tena. Wachumba walikaa vizuri. Ni shangazi aliyenenepa.

Mtu mwema hapo angekimbia mpaka bandarini akapiga kelele. Mimi nilikwenda kwa Mama Esperansi, kwa mlango wa nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuma mtu amwite Mzee Ramazani, na mbele yake akanilazimisha nirudie. Nikarudia nikitazama kuku wake.

"Fundi," akasema Mama Esperansi, "tuliimba mu ziwa karibu tufe, juu ya mawese ya mama mukwe wako?"

"Ndiyo, mama."

"Yoo! Sasa usikie. Kuanzia leo, maji yote yenye utatia mu mashine yangu, utakunywa kwanza kikombe kimoja mbele ya watu. Na utawaambia juu ya nini unakunywa. Na huyu mzee utamurudishia jina yake palepale ulimunyanganya. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mzee Ramazani aliinuka. "Aya," akasema. "Nitangojea."

Tukasukutua upya. Muandike hili: mawese yanatoka yakiwa moto tu. Maji ya moto, sabuni na magadi, mara tatu, na kila mara unamwaga kabla hayajapoa. Badilisha mipira yote, kwa sababu mafuta huilainisha na kuivimbisha. Kisha weka glasi moja ya maji ya mwisho usiku kucha karibu na mtungi, penye ubaridi. Asubuhi ukiona duara la mafuta ukingoni, anza tena. Sisi tulianza tena mara mbili. Na bido la maji ya mashine liwe jipya, lisilopata kubeba kitu kingine, lifungwe na mnyororo. Rumonge nzima hakuna bido kuukuu ambalo halikuwahi kubeba mawese.

Siku ya kujaza, ufukwe ulijaa watu, na mzee alikuja na spana yake kukaza kilasi niliyoifungua bure. Mama Esperansi hakuwepo, alikuwa amekwenda Gitaza kununua ndagala. Nilimimina kikombe, nikakiinua, nikanywa. Mtu mmoja akauliza: "Fundi, mbona unakunywa maji ya mashine?"

Nilikuwa na maneno tayari. Niliyafanyia mazoezi usiku. Mzee alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Nikafungua mdomo na yakatoka mengine:

"Ndiyo utaratibu wa mfumo uliofungwa. Tulifundishwa Bujumbura."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mzee alinitazama, si kwa hasira, bali kama anayetazama geji. Kisha akakaza kilasi, mizunguko mitatu. Akangoja mashine ipate moto, akakaza wa nne. Akanawa mikono, akaenda zake, na tangu siku hiyo hakushika tena mashine hapa bandarini.

Bandari ikapiga hesabu yake. Kilasi ilifunguliwa, ikakazwa upya, mashine ikapona. Basi mara ya kwanza haikukazwa vizuri. Hesabu ilikuwa safi, kasoro yake ni kwamba mimi ndiye niliyewaandikia swali. Ndani ya mwezi mmoja nikasikia "kiramazani" kwa mara ya kwanza, kutoka kwa mpakuzi wa mizigo ambaye hakuwahi kushika spana. Mama Esperansi aliporudi aliniuliza kama niliwaambia watu. Nikasema niliwaambia. Baadaye aliuza boti, akahamia Bujumbura kwa binti yake, na mimi, Mungu anisamehe, nilimsindikiza kwa furaha.

Mzee akawa anapiga tupa pangaboi za boti nyumbani kwake, akizinyoosha zilizopinda kwenye mawe, mpaka macho yakapungua. Nilimpelekea pangaboi nyingi kuliko zilizohitaji. Nyingine nilizipinda mwenyewe. Alizipokea zote, akazinyoosha, akanirudishia, tukazungumza habari za mvua na ziwa lililopanda na kula nyumba za watu. Kila nilipoaga alisema neno lilelile: "Aya." Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu na yenye kivuli kizuri.

Kikombe nacho kikapata maisha yake. Magara wanamwaga tone la kwanza chini. Gitaza kuna fundi anayefanya ishara ya msalaba. Kuna mwanafunzi alikuja na daftari kuuliza mila za watu wa ziwa, mkamwambia kwamba mafundi hunywa maji kabla ya mashine tangu enzi za mababu, ambao nadhani walikuwa na injini za udongo. Akanigeukia mimi nithibitishe, na mimi nikatikisa kichwa. Akaandika.

Halafu ikaja sherehe yangu ya kuagwa. Dezire alihutubia vizuri. Alisema, "Fundi Aniseti ametufundisha mengi, lakini kubwa ni moja: tusikaze kiramazani!" Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Mzee Ramazani alikuwa mstari wa pili, mlikuwa mmemwalika kwa heshima, na fanta mkononi. Naye akacheka, kidogo, nyuma kidogo ya wengine, kama mgeni anayecheka kwa lugha asiyoielewa vizuri. Nikapewa saa yangu nikashukuru. Aibu niliyoisikia siku hiyo sina neno lake, si kwa Kiswahili cha redio wala cha hapa.

Nilipomaliza kuandika mpaka hapo, juzi, nilikwenda kumsomea yeye kwanza. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono magotini. Nilipofika mwisho akainua kichwa.

"Umeandika nilicheka siku ya sherehe."

"Ndiyo, mzee."

"Sikucheka. Jino ilikuwa inauma."

"Nitafuta."

"Wacha. Na mimi ulinisomea juu ya nini? Mimi nilikuwa pale. Ukasomee wenye hawakuwa."

"Nitakwenda kesho, mzee."

"Leo," akasema, akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu. "Nimengojea ya kutosha."

Yaliyobaki mliyaona wenyewe, lakini nayaandika kwa ajili ya wasiokuwepo. Mlikuwa mnajaza mashine ya boti mpya. Dezire aliizima nilipoomba nafasi. Nilisoma nimesimama mchangani. Nilipofika kwenye bido la mama mkwe nilisikia mtu akicheka. Nilipofika kwenye "mikono inachoka, mzee" hakucheka mtu. Nilipomaliza nikamimina kikombe, nikanusa, nikanywa, nikawaambia kwa nini ninakunywa.

Dezire alikuwa amepauka. Hakuniuliza mimi, alimwuliza mzee.

"Kwa hiyo, mzee, tuache kunywa?"

Mzee Ramazani akanyoosha mkono, akapewa kikombe. Alinusa muda mrefu, akaonja.

"Munywe," akasema. "Sasa munajua munakunywa nini."

Kisha akapanda ile boti, mkono mmoja begani kwangu, akaipapasa kilasi bolti kwa bolti, kutoka katikati kwenda nje. Kwenye bolti ya tano akasimama, akaomba spana. Ilizunguka kirahisi, karibu robo.

"Hii nani alikaza?"

"Mimi, mzee," akasema Dezire.

Bandari nzima ikatafuta neno la kumtania, kwa mazoea, na neno halikuwepo. Mtu mmoja kule nyuma akajaribu: "Amekaza kianiseti!"

Nilicheka wa kwanza. Lakini mzee, bila kuinua kichwa, akiwa bado anakaza, akamkatiza.

"Hapana. Kianiseti iko ya maji. Hii iko ya Dezire."